Msisubiri macho yageuke manjano: barua ya wazi kutoka Kabongo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Lomami,
Kwa Daktari Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo, Kamina,
Kwa maprofesa wa Shule ya Afya ya Jamii, Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa kemia na biolojia hapa Kabongo. Sikutumwa na chama, wala na kanisa, wala na shirika lolote. Naandika hadharani kwa sababu jambo ninalolileta si siri ya familia moja, ingawa kwangu lilianzia nyumbani.

Msimu wa mvua uliopita nilimzika shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Alikuwa mkulima mwenye mikono mikubwa, aliyeweza kubeba gunia la mahindi kutoka shambani bila kupumzika njiani. Alianza kwa kuchoka. Chakula kikamkinaisha, hata bukari, ugali wetu, aliyoupenda. Kisha mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Kituo cha afya alikopelekwa, ambacho sitakitaja, kilisema ni malaria, kikampa dawa za malaria, akarudi nyumbani. Siku zilipopita mkojo ulizidi kuwa mweusi, na mara ya pili akaambiwa dawa bado zinafanya kazi. Macho yalipogeuka manjano, tumbo lilikuwa limeshavimba. Matangani watu hawakuzungumza habari za ini. Walizungumza habari za jirani yetu, mama mzee mjane, kwamba amemtegea sumu. Yule mama amehama. Nyumba yake imeanguka ukuta mmoja, na watoto wanakatazwa kupita hapo.

Sijui kilichomuua shemeji yangu, na sitajifanya najua. Ninachokijua ni kwamba hakuna aliyeuliza. Mkojo ule mweusi ulimwagwa chooni siku baada ya siku, na ndani yake lilikuwemo jibu, au angalau nusu ya jibu. Ndiyo maana nawaandikia.

1. Ini halilalamiki mapema. Linaweza kuharibika sehemu kubwa na mwenyewe bado analima. Macho ya manjano na tumbo lililojaa maji ni habari za mwisho, na huku kwetu ndizo za kwanza kusikilizwa. Mjini daktari anayetilia shaka ini huagiza damu na kupima vimeng'enya vyake, vile wanavyoviita transaminazi. Kipimo hicho kinataka sindano, mashine, kemikali zinazotunzwa kwenye baridi, umeme usiokatika na mtu aliyefundishwa. Kwa mama wa kijijini kinataka pia pikipiki, fedha ya pikipiki, na mahali pa kulala Kamina. Sidai kwamba mtuletee mashine hizo kesho. Naomba tuanze na kile ambacho kila mtu, mzee kwa mtoto, anacho kila asubuhi bila kudungwa sindano wala kulipa franga moja.

2. Sumu ninayoihofia zaidi iko kwenye chungu. Mahindi yetu ya msimu wa kwanza hukomaa mvua ingali inanyesha. Tunayakausha pembeni mwa barabara, tunayakimbiza ndani wingu likitokea, tunayatoa tena. Gunia linafungwa punje zikiwa bado na unyevu, kisha linasubiri mnunuzi, au linasubiri treni ya Kabalo na Kamina ambayo siku yake haijulikani. Humo ndani ukungu wa Aspergillus hustawi na kutengeneza aflatoksini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wameipa jina zuri la sumukuvu. Karanga nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vya karanga zilizonunuliwa Kinshasa: sumu ilikuwemo, na karanga za wakati wa mvua zilikuwa nayo zaidi kuliko za kiangazi. Kupika hakuiondoi. Bukari inachemka mbele ya macho yako, na sumu inabaki. Hapa kwetu mahindi yaliyoharibika hayatupwi. Mabaya kidogo yanasagwa pamoja na mazuri, mabaya sana yanakwenda kwa kuku au kwenye lutuku, pombe yetu kali. Siwalaumu mama zetu. Mwenye njaa hawezi kutupa chakula kwa sababu ya sumu asiyoiona na ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Tusidhani haya ni ya mbali. Mwaka 2004 huko Kenya, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa na unyevu. Baadhi ya mahindi yaliyopimwa yalikuwa na mikrogramu 4,400 za aflatoksini kwa kilo, na kikomo cha Kenya wakati ule kilikuwa 20. Eneo hilo la Ukambani lilikuwa limeshaonja janga kama hilo mwaka 1981, watu 12 wakafa, na mbwa nao wakafa. Mwaka 2016 zamu ikawa ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, waliokufa 20. Nako mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana. Dodoma wanakula kama sisi, mahindi asubuhi na mahindi jioni. Tofauti ni kwamba kwao watu walikufa wengi kwa mara moja, wakahesabiwa. Kwetu akifa mmoja Februari na mwingine Juni, kila mmoja anapewa mchawi wake.

3. Sasa nije kwenye mkojo wenyewe, na mniwie radhi nikikaa hapa kwa muda, maana hii ndiyo sehemu ninayofundisha na inayonikosesha usingizi.

Aflatoksini ikifika kwenye ini, ini hujaribu kuigeuza ili itoke mwilini. Katika kuigeuza, sehemu yake huwa kali kuliko ilivyokuwa, na hushika DNA ya seli za ini kwenye herufi ile tunayoiita guanini. Mwili ukijirekebisha hukata kipande hicho kilichoharibika na kukitupa, nacho hupitia figo na kutoka na mkojo. Waheshimiwa, hebu tafakarini jambo hilo. Kipande cha DNA kilichong'olewa na sumu kinatoka mwilini, na maabara inaweza kukikuta kwenye kichupa. Pamoja nacho hutoka aflatoksini M1, ambayo ni sumu ile ile baada ya kupitia mikono ya ini. Vyote viwili hueleza alichokula mtu siku moja au mbili zilizopita. Damu, kupitia protini ya albumini, hueleza habari ya wiki na miezi. Kwa hiyo kichupa kimoja cha mkojo hakitoshi kumhukumu mtu. Lakini vichupa vya kijiji kizima, vikichukuliwa baada ya mavuno na tena ghala zinapokaribia kuisha, vinasema ukweli wa kijiji.

Je, alama hizo zina maana yoyote kwa ugonjwa wenyewe? Wachina walijibu swali hilo. Shanghai, kati ya mwaka 1986 na 1989, wanaume zaidi ya 18,000 walitoa mkojo na damu vikahifadhiwa. Miaka ilipopita na baadhi yao kupata saratani ya ini, watafiti walirudi kwenye mikojo iliyogandishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba aliyekuwa na alama za aflatoksini kwenye mkojo alikuwa na hatari zaidi ya mara 3 ya kupata saratani hiyo. Aliyekuwa na virusi vya hepatitisi B, mara 7. Aliyekuwa na vyote viwili, mara 59. Nasoma tarakimu hiyo ya mwisho kila ninapowatazama wanafunzi wangu, maana wengi wao walizaliwa vijijini, na sijui ni wangapi walipata dozi zote tatu za chanjo ya pentavalenti, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, yenye kinga ya hepatitisi B ndani yake.

Mkojo pia huonyesha kama dawa au kinga inafanya kazi. Huko Qidong, nchi ile ile ya China, watu 180 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa klorofilini, kitu kinachotengenezwa kutokana na rangi ya kijani ya majani. Baada ya miezi mitatu kipande kile cha DNA kwenye mikojo ya waliopewa kilikuwa pungufu kwa asilimia 55. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2001. Sisemi sombe, majani ya muhogo tunayokula, ni dawa, na naomba asiwepo wa kuuza majani sokoni kwa jina langu. Nasema tu kwamba bila mkojo wasingejua kama wamemsaidia mtu au la. Na jirani zetu wa Tanzania walipopima mikojo ya watoto wachanga wa vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro, walikuta sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, fumonisini, kwa zaidi ya watoto tisa katika kila kumi.

Kuhusu kemikali nyingine zinazochoma ini, kazi bado inaendelea. Uholanzi mwaka 2012 walichapisha utafiti wa panya waliopewa parasetamoli kupita kiasi, wakaona protini ambazo makao yake ni ndani ya seli za ini zikitokea kwenye mkojo. Hiyo bado ni habari ya maabara. Naitaja kwa sababu hapa parasetamoli inauzwa mezani kando ya sabuni na chumvi, mtu anameza vidonge vinne, anaongeza vinne, na juu yake lutuku. Naitaja pia kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ambao dawa zao, isoniazidi na pirazinamidi hasa, zinaweza kuumiza ini huku zikiwaponya mapafu.

4. Mtaniambia kwamba vipimo hivi ni vya nchi tajiri. Hapo ndipo ninapokataa, na nakataa kwa mifano ya hapa hapa nchini.

Maprofesa wa Lubumbashi, ninyi ndio mliopima mikojo ya watu wa Katanga. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walichapisha mwaka 2009 matokeo ya watu 351, na kobalti waliyoikuta kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda ilikuwa juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote. Dunia nzima ikasikia. Nawapongeza kwa kazi hiyo na siiondolei hata chembe ya heshima yake. Lakini nauliza: kwa nini mkojo wa Katanga una thamani ukiwa na kobalti tu? Kabongo hatuna kobalti ya kuweka kwenye simu za watu. Tuna mahindi, karanga, muhogo na mawese. Tunawalisha wanaochimba. Je, kwa sababu hiyo ini letu halistahili kichupa?

Magharibi mwa nchi, katika Kwango, muhogo usiolowekwa vizuri umepoozesha miguu ya wanawake na watoto kwa ugonjwa wa konzo. Huko watafiti wetu walipima tiosayaneti, alama ya sumu ya muhogo, kwenye mkojo wa watoto wa shule, kwa karatasi iliyotiwa kemikali, bila mashine kubwa. Katika kijiji cha Kay Kalenge, Popokabaka, wanawake walifundishwa kulowanisha unga wa muhogo na kuutandaza kwa saa chache kabla ya kuupika. Hapakuwa tena na mgonjwa mpya, na mkojo wa watoto ukathibitisha: sumu ilishuka. Hilo lilifanywa na Wakongo, kijijini, kwa mkojo na mkeka.

Na hapa hapa Haut-Lomami? Mwaka 2017 polio itokanayo na virusi vya chanjo ilipozuka jimboni mwetu, kila mtoto aliyelegea miguu alitafutwa na wale reko, wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini, hata kwa baiskeli, hata kwa mtumbwi. Sampuli mbili za choo, zikiachana saa 24, ndani ya sanduku la baridi, hadi maabara ya taifa, INRB, Kinshasa. Nimeyaona masanduku hayo kwa macho yangu. Ikiwa choo cha mtoto wa Haut-Lomami kinaweza kufika Kinshasa kikiwa baridi, mkojo wake unaweza kufika Lubumbashi.

5. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu ya kazi hii haihitaji kusafirisha chochote. Kile kijiti cha kupimia mkojo, ambacho wauguzi wanakiita bandeleti, kimeshafika kwenye vituo vingi kwa ajili ya mama wajawazito. Wanachovya, wanasoma mraba wa protini na wa sukari, wanatupa. Bandeleti yenye miraba kumi ina pia mraba wa bilirubini na wa urobilinojeni. Mkojo wa mtu mwenye afya hauonyeshi bilirubini. Ikionekana, ini au njia ya nyongo ina matatizo, na mara nyingine inaonekana kabla macho hayajageuka rangi. Na kwa mkojo mweusi, ule wa shemeji yangu, kijiti hicho hicho kinatenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku: mraba wa damu ukiwaka, fikiria malaria kali inayovunja chembe za damu, wa bilirubini ukiwaka, geukia ini. Sekunde sitini. Mtu yule angeweza kupewa rufaa siku ya kwanza.

Bilirubini haitaji jina la sumu, hilo nalikubali, na huchelewa kuliko zile alama za maabara. Pia ina hila zake, na wauguzi wafundishwe: mkojo usomwe ukiwa mbichi, usiachwe juani kwa sababu mwanga unaiharibu bilirubini, chupa ya vijiti ifungwe mara moja kwa sababu unyevu unaviua, mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini hukojoa rangi ya chungwa na anaweza kudanganya jicho, aliyemeza vitamini C nyingi anaweza kuificha alama. Haya yanafundishika kwa asubuhi moja.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ninayaomba kwa majina ya kazi zenu.

Mheshimiwa Waziri na Daktari Mkuu wa Divisheni: toeni agizo la maandishi kwamba kila mgonjwa anayekuja na mkojo mweusi, macho ya manjano au tumbo la maji asomewe miraba yote ya bandeleti, na matokeo yaandikwe kwenye rejista, pamoja na kijiji chake, alichokula wiki hiyo na dawa alizomeza, za hospitali na za mizizi. Wekeni safu ya matokeo hayo kwenye ripoti ya kila wiki. Vikitokea visa vitatu kijiji kimoja, mtu aende akatazame maghala kabla ya watu kutazamana wao kwa wao. Mpelekeeni pia muuguzi wa kifua kikuu vijiti vya kutosha kuwafuatilia wagonjwa wake.

Maprofesa: fanyeni uchunguzi wa mkojo Kabongo. Kaya za vijiji vichache, mara mbili kwa mwaka. Pimeni aflatoksini M1 na kreatinini, ili aliyekunywa maji mengi asionekane msafi kuliko jirani yake. Chukueni na kikombe cha unga kutoka kila chungu, na mkipata idhini ya watu, tone la damu kwa ajili ya hepatitisi B. Kisha rudini. Hili nalisema kwa uchungu, maana tumezoea watu wanaokuja na daftari na kuondoka nalo. Mtu aliyewapa mkojo wake ana haki ya kuambiwa kilichokutwa ndani yake, kwa Kiswahili au Kiluba, akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Na nyote kwa pamoja: matokeo yakitoka mabaya, msitangaze hatari halafu mkanyamaza. Tunahitaji turubai za kukaushia, kipima unyevu kimoja kwa kila soko kubwa, na maghala yenye sakafu iliyoinuka. Mkojo wa mwaka utakaofuata utatuambia kama vitu hivyo vimefanya kazi au vimeliwa.

Msipofanya, najua yatakayotokea, kwa sababu yanatokea sasa. Vijana watakufa na matumbo yaliyovimba wakiwa na miaka thelathini na arobaini. Muuguzi ataandika malaria. Familia zitauza mbuzi kwenda kwa waganga. Na kila kifo kitadai mtu wa kukibeba: mama mkwe, jirani, mzee asiye na watoto.

Shule yangu ina chumba cha maabara chenye meza mbili na mlango unaofungwa kwa kufuli. Nakitoa bure kwa siku zote mtakazokihitaji. Nitawapanga wazazi wenye kukubali, nitaandika majina, na wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho watabandika namba kwenye vichupa. Mahindi mapya yameanza kuingia ndani na mvua bado inanyesha. Nijulisheni siku tu, ili niwaambie watu waje na mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa kemia na biolojia, Kabongo